Magugu Hayangoji Pasaka



Sisi makatekista tumezoea kusema juu ya makosa ya wengine. Leo naomba ruhusa niandike juu ya kosa langu mwenyewe. Kosa hilo lilinifundisha habari moja ya shamba ambayo nilikuwa siijui, ingawa nilizaliwa na mkulima na kulelewa kwa jasho la jembe lake.

Mimi ni mtu wa Masisi. Mama yangu alilima mahindi na maharagwe kwenye mteremko mkali, na kwa mazao hayo alinilipia seminari ndogo. Baadaye nilisoma falsafa miaka mitatu katika seminari kuu, nikaona kwamba Mungu haniiti upadri, nikarudi nyumbani. Baba Padri akanipa kazi katika shapeli iliyo upande wa kushuka, ukiisha kupita Nyabiondo, pale malisho ya ng'ombe yanapokwisha na msitu wa Walikale unapoanza. Juu yetu watu hupanda mahindi, maharagwe na viazi. Chini yetu hupanda mpunga, muhogo na ndizi. Wakristu wa shapeli yetu wako katikati, nao hulima vyote.

Mwaka 2019 Kwaresima ilianza tarehe 6 mwezi wa tatu, na Pasaka ikawa tarehe 21 mwezi wa nne. Nilikuwa na wakatekumeni ishirini na wawili, karibu wote wamama, nikawafundisha asubuhi tatu kila juma. Nikatunga sheria: atakayekosa mara tatu hatabatizwa Pasaka. Sheria hiyo niliitunga mimi, wala hakuna mtu aliyenilazimisha.

Kati yao walikuwamo wamama wawili majirani. Wa kwanza, mjane mwenye watoto wanne, hakukosa hata siku moja. Wa pili alikosa mara tatu, kisha mara ya nne. Nikamwita.

"Mama, mbona hufiki kwenye mafundisho?"

"Mwalimu, ninapalilia."

"Shamba haliwezi kungoja mpaka Pasaka ipite?"

"Mwalimu, magugu hayangoji Pasaka."

Mimi nilidhani hayo ni maneno ya mtu apendaye tumbo kuliko roho. Basi juma lile nikachagua kwa makusudi mfano wa magugu katika Injili ya Mathayo: adui alipanda magugu usiku katikati ya ngano, watumishi wakataka kuyang'oa, lakini mwenye shamba akawakataza, akawaambia wangoje mpaka mavuno. Nilisema kwa sauti kubwa, nikamtazama yeye, kwa maana siku ile alikuja. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, mwenye shamba huyo alikuwa na watumishi. Mimi nina mgongo huu mmoja." Watu wote wakacheka. Nikaona haya, na haya ikageuka hasira. Jioni nikachukua kalamu nyekundu, nikalikata jina lake.

Pasaka ikafika. Yule mjane alibatizwa, akavaa kitambaa cheupe, akafurahi sana. Lakini mwezi wa saba, wakati wa kuvuna, mahindi yake yalikuwa mabua membamba, yenye mabunzi madogo na punje za kuhesabu. Majuma sita alikuwa akinisikiliza mimi huku nyasi zikimla shambani. Akaanza kulima mashamba ya watu wengine ili apate chakula, na binti yake mkubwa akaacha shule kwenda naye.

Jioni moja nikamkuta njiani yule niliyemkata jina, amejitwika kikapu cha mahindi.

"Mama, unayapeleka wapi?"

"Kwa jirani yangu, Mwalimu. Wakati ule yeye alisali na mimi nilipalilia. Sasa tule pamoja."

Sikulala usiku ule. Kesho yake nilikwenda kwake kuomba msamaha, kisha nikaenda kwa Baba Padri kumweleza yote. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja tu: "Je, umekwisha kupalilia wewe mwenyewe?" Yule mama alibatizwa Noeli ya mwaka ule ule.

Mwezi wa tisa wa mwaka huo alifika kwetu agronomo mmoja, kijana aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo. Alitumwa kusaidia wakulima wa parokia. Wazee walimpokea kwa uso uliokunjwa, nao wana sababu. Kwetu Kongo elimu ya kilimo haikuingia kwa mlango mzuri. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao fulani siku 60 kila mwaka, na wakati wa vita vya pili vya dunia siku hizo zikaongezwa hadi 120. Aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Ni kweli kwamba mwaka 1933 iliundwa taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo, makao yake Yangambi, nayo ikawa na kituo Mulungu karibu na Bukavu. Wataalamu wake walifanya kazi kubwa. Lakini mkulima wa kijijini alimjua zaidi yule mtu wa daftari na amri.

Kijana wetu hakuanza kwa amri. Aliwauliza wamama ni magugu gani wanayachukia kuliko mengine. Wakamtajia ndago, ambayo hung'olewa leo na kesho iko pale pale. Wakamtajia kishonanguo, ambacho mbegu zake husafiri kwenye nguo za watoto. Wakamwonyesha nyasi yenye mizizi myeupe inayotambaa chini ya udongo, ambayo ukiikata kipande kimoja vinaota viwili. Aliandika yote. Mama mmoja mzee akasema, "Leo agronomo ameandika maneno yetu." Tangu siku hiyo walimfuata.

Aliomba kipande cha shamba la shapeli, akakigawa sehemu tatu zilizo sawa, zote kwa mbegu moja na siku moja ya kupanda. Sehemu ya kwanza tuliipalilia majuma mawili baada ya mahindi kuota, tena katika juma la tano. Ya pili tuliiacha, tukaipalilia mara moja tu, katika juma la nane. Ya tatu hatukuigusa. Nililima pale pamoja na wamama, nikaonja maana ya swali la Baba Padri. Tena niliona jambo ambalo sikulitazamia: sehemu ya pili, iliyopaliliwa mara moja, ilitutaabisha kuliko ile iliyopaliliwa mara mbili, kwa kuwa nyasi zilikuwa zimekomaa na mizizi imeshika udongo kama kucha.

Siku ya kuvuna alileta kikapu kimoja cha kupimia. Sehemu ya kwanza ilikijaza hadi kilele. Ya pili ilifika nusu tu. Ya tatu ilifunika chini ya kikapu. Hapo ndipo alipotueleza sababu, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa.

Mahindi, yakiisha kuota, huwa kama mtoto mchanga. Majani yake ni machache, hayawezi kutia kivuli, na mizizi yake ni mifupi. Magugu ni wenyeji. Yameota kabla yake au pamoja naye, nayo hunywa maji, hula rutuba na kuzuia jua. Wataalamu wamepima jambo hilo katika nchi nyingi, wakaona kwamba wakati wa hatari ni tangu juma la pili au la tatu hadi karibu juma la sita baada ya kuota. Shamba likiwa safi katika majuma hayo, mahindi hukua, hufunga kivuli, na magugu yanayokuja baadaye hayana nguvu ya kuyaangusha. Lakini mahindi yakisongwa wakati ule, hata ukipalilia vizuri kiasi gani baadaye, kilichopotea hakirudi. Shamba lisilopaliliwa kabisa laweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno.

Niliposikia hayo nilihesabu kwa vidole. Mwaka 2019 wamama walipanda mwisho wa mwezi wa pili, na mahindi yaliota karibu na Jumatano ya Majivu. Majuma sita ya Kwaresima yangu yalikuwa ndiyo majuma sita ya magugu! Yule mama hakuwa amesoma, lakini neno lake lilikuwa neno la wataalamu.

Wamama walimwuliza agronomo habari za dawa ya kuua magugu, ile wanayopiga kwa pampu. Hakuwaficha. Alisema dawa hizo zipo na humpunguzia mtu kazi, lakini zataka kipimo, nguo za kujikinga, na mtu anayeweza kusoma maandishi ya chupa. Tena ziko za namna nyingi. Nyingine huua kila jani linaloguswa, na kwetu mahindi na maharagwe hukaa pamoja katika tuta moja. Hata mahali zinapofaa, mkulima akirudia dawa ile ile miaka mingi, magugu mengine huizoea na hayafi tena.

Jioni tulipokuwa tumeketi barazani, nilimwuliza kwa nini kijana msomi kama yeye alichagua kusomea nyasi. Akanisimulia habari za mtu mmoja wa Afrika, nami nazileta hapa kwa ajili ya vijana wetu wanaoona jembe kuwa aibu.

Gebisa Ejeta alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Wollonkomi, Ethiopia, katika nyumba ya nyasi yenye chumba kimoja. Mama yake alitaka asome. Kila Jumapili jioni mtoto huyo alitembea kilomita 20 kwenda shuleni, akarudi nyumbani Ijumaa. Akaingia shule ya kilimo ya Jimma, iliyoanzishwa kwa msaada wa chuo kikuu cha jimbo la Oklahoma, Marekani. Kisha akasoma chuo cha Alemaya, akamaliza mwaka 1973. Akaenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Purdue, akapata udaktari mwaka 1978. Purdue ni kimoja cha vyuo vilivyotokana na sheria ya mwaka 1862, iliyotoa ardhi ya serikali ili yapatikane mafundisho ya kilimo na ufundi. Sheria nyingine ya mwaka 1914 ikavitolea vyuo hivyo fedha za kutuma walimu mpaka mashambani, ili elimu isibaki katika vitabu.

Mwaka 1979 Ejeta alikwenda kufanya kazi Sudan. Huko alizalisha mtama chotara uitwao Hageen Dura-1, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1983. Mwaka uliofuata akarudi Purdue kufundisha, na hapo akapambana na adui mmoja hasa: kiduha, gugu ambalo wataalamu huliita striga, na ambalo Wajaluo wa Kenya huliita kayongo.

Kiduha ni mwizi wa namna ya pekee. Maua yake ni mazuri, lakini mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa makumi elfu ya mbegu, nazo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi. Haziamki ovyo. Hungoja mizizi ya mtama au mahindi ipite karibu na kutoa dawa fulani udongoni. Mbegu huipata harufu hiyo, huamka, hujishika kwenye mzizi na kuunyonya. Mkulima huona majani yanageuka manjano, hajui sababu. Siku kiduha kinapotokeza juu ya udongo, madhara makubwa yamekwisha kutendeka chini. Kuking'oa wakati huo kwazuia mbegu za mwaka ujao, lakini hakuponyi mahindi ya mwaka huu.

Ejeta pamoja na mwenzake Larry Butler, mtaalamu wa kemia ya viumbe, walichunguza harufu hiyo. Wakatafuta mitama ambayo mizizi yake hutoa kidogo sana dawa ile ya kuamsha. Mtama wa namna hiyo hupita karibu na mwizi bila kumwamsha. Mwaka 1994 tani 8 za mbegu za mtama wenye kushinda kiduha zilipelekwa katika nchi 12 za Afrika, na jirani zetu wa Rwanda na Tanzania wakiwamo. Mwaka 2009 Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Kazi nyingine ilifanyika karibu nasi zaidi, huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria. Pale kuna kituo cha icipe, shirika la utafiti wa wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan, mtaalamu kutoka India, pamoja na wenzake wa Kenya na Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kuwafukuza funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Wakapanda kati ya mistari mmea utambaao wa jamaa ya maharagwe, uitwao desmodiumu, na kuzunguka shamba wakapanda mabingobingo. Nondo wa funza walikimbia harufu ya desmodiumu, wakavutwa na mabingobingo. Kumbe palitokea jambo jingine: mahali penye desmodiumu, kiduha kilipungua sana. Walipochunguza waliona kwamba mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha na kuzizuia zisijishike, basi hufa kwa njaa. Tena mmea huo huongeza rutuba, na ng'ombe huula. Walitafuta dawa ya funza, wakapata na dawa ya gugu, kwa sababu walikuwa shambani na macho wazi.

Msomaji wa Walikale atauliza, "Sisi tunaopanda mpunga msituni, habari hizi zatuhusu nini?" Zatuhusu sana. Tukikata msitu mpya, mwaka wa kwanza magugu ni machache na mpunga hustawi. Mwaka wa pili au wa tatu magugu yamefika, palizi inawashinda wamama, nasi twasema udongo umechoka, twakata msitu mwingine. Mara nyingi si uchovu wa udongo peke yake unaotuhamisha. Magugu nayo hutusukuma. Mpunga wa nchi kavu nao wataka usafi katika majuma yake ya kwanza. Anayepanda kwa mistari, tena shamba linalolingana na mikono aliyo nayo, huweza kulipalilia kwa wakati.

Nasi katika shapeli yetu tulibadili desturi. Mafundisho ya wakatekumeni twayaongeza mwezi wa kwanza, mavuno yakiisha. Na katika Kwaresima twafundisha Jumapili baada ya ibada. Salongo ya wakristu, ambayo zamani ilianza na shamba la shapeli, sasa huanza na mashamba ya wajane na wagonjwa, katika juma la tatu baada ya kuota. Shamba la shapeli ni la mwisho. Binti ya yule mjane alirudi shuleni.

Halafu vita vikaja tena. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 M23 iliingia Masisi-Centre, na mwezi wa tatu ikafika Walikale-Centre, ikaondoka huko mwezi wa nne. Sisi wa njia hiyo tulikimbia mahindi yakiwa yameota juzi tu. Tuliporudi, majuma manne yalikuwa yamepita, na majembe mengi yalikuwa yameibwa. Watu walisimama mbele ya nyasi, wengine wakasema, "Basi, yameisha."

Yule mama niliyemkata jina alipiga magoti, akafungua nyasi kwa mikono, akatazama mahindi. Akaniuliza, "Mwalimu, ni juma la ngapi?" Nikahesabu, nikamjibu, "La nne, mama." Akasema, "Basi halijafika la sita." Tulikuwa na majembe tisa kwa nyumba thelathini. Tukaacha mashamba yaliyopandwa mapema, ambayo yalikuwa yamekwisha kusongwa, tukayashika yale yaliyochelewa kupandwa, tukapokezana majembe tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Hatukuvuna kama miaka ya amani. Lakini tulivuna, na watoto walikula.

Ndugu zangu, sasa mfano ule wa Injili nausoma kwa namna nyingine. Katika seminari niliambiwa kwamba magugu yanayotajwa pale hufanana na ngano mpaka masuke yatokee, na mizizi yake hujifunga na ya ngano. Mwenye shamba alijua kilimo. Alihofu watumishi wake wasije wakang'oa ngano. Yezu mwenyewe alieleza kwamba shamba lile ni ulimwengu, na mbegu ni watu. Mimi niliyafanya yote mawili kinyume. Magugu ya shamba, ambayo hayafanani na mahindi hata kidogo, niliagiza yangoje. Na mtu, ambaye Bwana aliagiza angojewe, nilimng'oa kabla ya mavuno kwa kalamu nyekundu, naye alikuwa ngano.

Kalamu ile bado ninayo. Siku hizi naitumia kwa kazi moja tu: kila mwaka, mahindi yakichungulia juu ya udongo, naandika tarehe yake kwenye kalenda ya shapeli, kisha nahesabu majuma sita na kuyapigia mstari mwekundu. Katika majuma hayo asinitafute mtu shapelini asubuhi. Anitafute shambani.